Maziwa ya Kumkata Cherop

Yule mwanamke mzee alitokea mlango wa wageni pale uwanja wa ndege wa DFW, Dallas, akiwa amevaa koti la kiume. Jeusi, refu mpaka magotini. Mwezi wa tano huo, joto la Texas limeshaanza kuchoma.

Kijana wa uwanja alikuwa anamfuata nyuma na kiti cha magurudumu kitupu. Mzee alikuwa amekataa kukikalia.

Jedidah akafungua mikono kumkumbatia. Mzee akampita. Akaenda moja kwa moja kwa Kimutai, akampa mkono, ule mkono wa wanaume wa kubana. Kisha akasema maneno machache kwa Kinandi.

"Amesema nini?" Jedidah akauliza.

Kimutai alikuwa anaangalia sakafu. "Amesema amechoka na safari."

Uongo mtupu. Jedidah alikuja kujua baadaye kwamba mzee alikuwa ameuliza, "Mtoto wa kukatwa yuko wapi?"

Ngojeni. Najua kuna watu washaanza kuandika kule chini "fupisha". Sifupishi. Stori hii nimepewa na Jedidah mwenyewe, tumekaa ndani ya gari lake nje ya duka la Waafrika, AC inanguruma, mboga zinanyauka kiti cha nyuma. Alinikubalia niiandike mradi nibadilishe majina. Nimebadilisha. Ukijitambua, shauri yako.

Jedidah ni nesi. Mmeru wa Nkubu, mpole, lakini usimchezee. Mumewe Kimutai ni Mnandi, anafanya kazi ya kompyuta kwenye yale maofisi makubwa ya Plano, kando ya Dallas, na ni mzee wa kanisa letu. Walikutana huku huku Dallas, wakaoana huku huku. Mtoto wao ni mmoja tu, binti, Cherop, mfamasia, anaishi Houston.

Jumapili moja baada ya kanisa, Cherop akapiga simu. Jedidah alikuwa anakaanga vitunguu, simu iko spika.

"Mum, Dad, tumeamua. Tunafunga ndoa mwezi wa tano. Mimi na Amandine."

Amandine walikuwa wanamjua. Binti Mrundi, anafanya kazi ya hoteli, miaka yote anakuja na Cherop kula sikukuu ya Thanksgiving. Kimutai alikuwa anampenda kweli. Alikuwa anasema huyo ndiye mgeni pekee anayejua kusonga ugali. Wao walikuwa wanamwita "roommate wa Cherop".

Vitunguu vikaungua. Hakuna aliyezima moto.

Kimutai hakufoka. Angefoka ingekuwa afadhali. Alitoka nje, akawasha mashine, akaanza kukata nyasi ambazo alikuwa amezikata jana yake. Akakata, akarudia, akarudia tena, mpaka jirani Mzungu akatoka kuangalia kuna nini.

Na nisiwadanganye, Jedidah naye hakuwa ameikubali hiyo ndoa. Huyu ni mama wa Women's Guild ya kanisa. Alilia bafuni na taulo mdomoni. Lakini hasira haikuwa inamnyima usingizi. Aliogopa kitu kimoja tu: kumpoteza Cherop. Alishazika mimba nyingi kabla ya huyo mmoja, na baada yake hakukuja mwingine.

Habari ikafika kwa group ya WhatsApp kabla hata ya Jumatano. Wamama wa kanisa wakaja na chapati na thermos za chai, wakavua viatu mlangoni, wakaketi kimya ukutani. Wameshika mashavu.

"Pole, Mama Cherop," mmoja wao, Kagendo, akasema.

"Pole ya nini? Nani amekufa?"

Wakamimina chai. Hapo ndipo Jedidah alishtuka, kwa sababu hao wamama walikuwa wamekaa vile tunavyokaa kwa matanga, na aliyekuwa amekufa alikuwa kazini Houston anahesabia watu vidonge.

Jumapili iliyofuata Pastor Elphas akahubiri. Simsemi vibaya, Pastor ni mtu mzuri, na siku hiyo alilia madhabahuni. Alisema ndoa haikuwekwa ili watu wawili wafurahi. Iliwekwa ili watoto wapatikane, nyumba isimame, jina lisipotee, jamii isiishe. "Mkiibadilisha ndoa," akasema, "mnazima taa ya boma zima."

Watu wakasema amina. Kimutai akasema amina kwa sauti kuliko wote.

Jioni hiyo akamwita mkewe sebuleni.

"Mama Cherop, nimeongea na wazee nyumbani."

"Wamesema?"

"Huyo mtoto akatwe."

Jedidah akakaa. Hata mimi alipofika hapa nikamwambia apunguze hiyo AC.

Kwa kina Kimutai, hivi ndivyo alivyomweleza mkewe: mtoto akiaibisha nyumba kupita kiasi, hakatwi na mama wala pastor. Anakatwa na mwenye boma. Mwenye boma anasimama mbele yake, anamwaga maziwa chini, anataja jina la mtoto kwa mara ya mwisho. Imeisha. Kuanzia hapo hakuna wa kwenu anayelitaja tena. Akipiga simu haipokelewi. Akifa hazikwi na nyinyi. Na wewe ukifa, haji.

"Na nikilitaja jina lake mimi?" Jedidah akauliza.

"Usilitaje."

"Nikilitaja je, Baba Cherop?"

"Wanasema nyumba inaanza kumeza watu."

Jedidah ana miaka mingi ICU. Ameona kila aina ya kifo. Lakini Mmeru ni Mmeru, na mambo ya laana hachezi nayo.

"Na mwenye boma ni nani? Si wewe uliniambia baba yako alikufa ukiwa mdogo?"

Kimutai akasita kidogo. "Ni kogo. Nyanya yangu. Ndiye mkubwa aliyebaki."

Jina la huyo nyanya ni Tabutany. Visa alikuwa nayo tangu Cherop amalize chuo, maana Cherop ndiye aliyelilia aletwe. Lakini kila mwaka Kimutai alikuwa na sababu. Mara mgonjwa, mara barabara mbaya, mara tiketi. Hata wao wenyewe wakienda Kenya walikuwa wanaishia Nairobi na Meru. Jedidah hakuwahi kukanyaga Nandi. Sasa ghafla tiketi ikapatikana wiki hiyo hiyo. Ajabu, sivyo?

Basi mzee akaingia Plano na koti lake.

Wueh.

Nyumba ikabadilika. Alienda kukaa kwenye kiti cha Kimutai, kile cha kichwa cha meza, na Kimutai akahamia pembeni. Jikoni hakukanyaga hata siku moja. Chakula alipelekewa kwanza, kabla ya mtu yeyote. Jedidah akijaribu kumshika mkono kwenye ngazi, anautoa taratibu. Kimutai akimshika, anakubali.

Asubuhi alikuwa anasimama nje karibu na sanduku la barua, mikono nyuma, anaangalia barabara kama mtu anayengoja ng'ombe warudi. Jumatano ile ya kwanza ya mwezi, saa sita mchana, ving'ora vya mji vya kuonya kimbunga vikalia kwa majaribio. Jedidah akakimbia kumweleza kwa ishara kwamba ni majaribio tu. Mzee hakutikisika, na Kimutai anawachungulia toka mlangoni. Alikuwa anamwangalia Jedidah usoni, anaangalia tu, mpaka Jedidah akarudi ndani.

"Haelewi Kiswahili," Kimutai alikuwa amemwambia mkewe. "Usijisumbue kuongea naye."

Na hakuwaacha wawili hao peke yao. Alichukua likizo kazini, akawa anamfuata yule mzee chumba kwa chumba. Siku moja Jedidah alirudi kutoka shift akamkuta gereji amepiga magoti, anaongea Kinandi kwa sauti ya kuomba. Mzee amekaa juu ya ndoo, hamjibu. Kimutai alipomwona mkewe akainuka haraka akasema anatafuta spana.

Jedidah akaanza kumwogopa yule mzee kuliko alivyowahi kuogopa mtu.

Jumapili wakamleta kanisani. Sisi wote tulikuwepo. Tukampigia makofi, tukaimba, akasimamishwa mbele na koti lake. Mama mmoja akaninong'oneza, "Huyu nyanya ana macho ya chifu." Pastor akampa Kimutai maikrofoni amtambulishe.

Sasa sikilizeni alichosema, kwa sababu kila kitu kiliharibika hapo.

"Bwana asifiwe. Huyu ni nyanya yangu. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo sana, sikumjua. Nimelelewa na huyu na mama yangu. Kwa hivyo mimi najua uchungu wa nyumba isiyo na baba. Ndiyo maana ninasimama hapa kusema, ndoa ni mume na mke. Mtoto anahitaji baba!"

Amina ikapasua paa. Hata mimi nilisema amina, acha niseme ukweli.

Yule mzee alikuwa amesimama kando yake. Niliona amemgeukia Kimutai pole pole, akamwangalia kwa muda. Halafu akaenda akaketi, bila kungoja kupelekwa.

Tukiwa tunatoka, Kimutai akashikwa na Pastor mlangoni. Ndiyo mara ya kwanza Jedidah kubaki na mzee peke yao, ndani ya gari. Akawasha AC. Akawa anatafuta wimbo wa Kikalenjin kwenye simu, angalau amfurahishe.

"Mke wa Kimutai."

Simu ikamtoka mkononi. Kiswahili. Kile cha zamani cha mashamba ya chai, lakini Kiswahili safi kabisa.

"Ndi... ndiyo, kogo?"

"Mtu aliyekufa anakulaga chakula gani?"

"Sijui, kogo."

"Hata mimi sijui. Wacha tuone leo utanipa nini."

Kimutai akafungua mlango wa gari, mzee akanyamaza. Jedidah aliendesha mpaka nyumbani akiwa hana uhakika kama taa za barabarani zilikuwa nyekundu au kijani.

Siku ya kukata ilikuwa Ijumaa, kesho yake ndiyo harusi. Kimutai alinunua galoni ya maziwa, akaiweka kwenye cooler na barafu, akaitia kwenye boot. Fikiria hiyo. Laana inasafirishwa na barafu ili isichache.

Wakashika barabara kuu ya I-45 kwenda kusini, wote watatu. Walipopita Corsicana mawingu yakafunga, mvua ikaanza kupiga kioo mpaka magari yakawasha taa za hatari. Barafu ilikuwa inagongana kule nyuma kila wakikanyaga breki. Jedidah alikuwa anataja jina la Cherop kimoyomoyo, tena na tena, maana aliona ni jina ambalo jioni hiyo halitaruhusiwa tena.

Akafikiria kuruka nje ya gari. Aliniambia hivyo kabisa, na hakuwa anatania.

Mkutano wa familia mbili ulikuwa Alief, mtaa wa Houston, kwa mama yake Amandine. Anaitwa Marie-Rose, mjane, mkimbizi wa zamani, amepitia kambi za Tanzania kabla ya kuletwa Houston. Mkatoliki wa rozari. Naye kwa hiyo harusi alikuwa amelia mpaka akachoka, kisha akaamua kupika. Nyumba ilinukia maharage na ndizi.

"Karibuni, mukae, mukae. Wazazi wa Cherop, mumefika salama? Ile mvua!"

Cherop akasimama. Alikuwa amekonda. Amandine kando yake, ameshika kitambaa cha jikoni kwa mikono miwili.

"Hi, Dad," Cherop akasema.

Kimutai aliiweka cooler katikati ya sebule, akaifungua.

"Hatujaja kula, mama," akamwambia Marie-Rose. "Tumekuja kufanya jambo la kwetu, tuondoke."

Marie-Rose akaangalia ile galoni. Akamwangalia Jedidah. Nafikiri mama mwenzake alielewa bila kuambiwa, kwa sababu aliweka sahani chini na kwenda kusimama mbele ya wale wasichana.

Mzee Tabutany akainuka. Akavuta koti likae sawa. Akamwondoa Marie-Rose kwa mkono, si kwa nguvu, akasimama mbele ya Cherop.

"Wewe ndiye Cherop."

"Yes. Ndiyo, kogo."

"Huyu ndiye unaoa?"

"Tunaoana, kogo."

"Nani ndiye bwana?"

"Hakuna bwana. Ni sisi tu wawili."

Mzee akaguna. "Watoto?"

"Tukijaliwa. Tunataka."

"Alikubali mwenyewe, huyu? Au ulimletea wazee?"

Amandine ndiye aliyejibu. "Nilikubali mwenyewe, mama. Hata mi ndiye nilimuuliza ya kwanza."

Hapo mzee akaitazama ile galoni. Mvua inapiga dirisha. Jedidah alikuwa amefumba macho, anangoja kusikia maziwa yakimwagika kwenye zulia.

"Fanya, kogo," Kimutai akasema. "Tafadhali. Fanya tuende."

Mzee akageuka.

"Kogo ni nani?"

"Kogo, tafadhali..."

"Nakuuliza kwa Kiswahili, na hawa wasikie. Kogo ni nani? Huyu nyanya unayemwita, ni nyanya wa nani?"

Kimutai alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Alimwangalia mkewe. Jedidah anasema hakuwahi kuona uso ule kwa mtu mzima, labda kwa mtoto aliyekojoa darasani.

Mzee akaongea na Jedidah.

"Mke wa Kimutai, mimi niliolewa nikiwa mdogo. Bwana akafa, hakuniachia mtoto. Ndugu zake wakataka shamba. Wakasema boma halina mtu, lizimwe. Kwetu kuna njia. Nilitoa ng'ombe, nikaenda kwa watu nikaomba binti, nikaoa. Nikavaa koti. Nikaacha kazi za wanawake. Yule binti akazaa mtoto na mtu niliyemchagua, na yule mtu hakuwa na haki ya kitu chochote. Mtoto alikuwa wangu. Nilimpa jina, nilimpeleka shule, shamba ni lake." Akamwonyesha Kimutai kidole. "Huyu. Mimi si nyanya yake. Mimi ndiye baba yake."

Haya sasa.

Marie-Rose alifanya ishara ya msalaba. Jedidah akawa anaunganisha mambo kichwani, kile kiti cha kichwa cha meza, jikoni, gereji, safari zote za Nandi zilizokufa kabla ya kuanza.

Kimutai ndipo akapasuka.

"Si kitu kimoja! Usinifanyie hivi! Hiyo ilikuwa mila, ilikuwa ya kutafuta mtoto! Hamkuwa... nyinyi hamkulala kitanda kimoja! Hawa ni kitu kingine!" Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Unajua vile nilichekwa shuleni? Unajua walikuwa wananiita nani?"

"Najua," mzee akasema. "Na umesema kweli. Si kitu kimoja. Mimi sikumgusa mama yako, na mambo ya hawa siyaelewi. Asiniseme mtu kwamba niliyafanya."

Kisha akaketi. Sauti ikashuka.

"Lakini mama yako hakuulizwa. Nilitaka mtu wa kujaza boma, nikamleta. Alilia mwaka mzima nyuma ya ghala, na mimi nilimsikia, na nikanyamaza kwa sababu nilitaka wewe upatikane. Hiyo ndiyo ndoa iliyokuzaa. Ilikuwa na kazi, na ilifanya kazi yake. Hawa nao wameulizana. Sasa unataka nikate yupi?"

"Mwenye boma ndiye anakata!" Kimutai akalia. "Wewe ndiye mwenye boma! Ni wewe tu!"

"Jumapili mbele ya watu ulisema baba yako amekufa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Ulinizika, mtoto wangu, nikiwa nakusikia." Akavuta pumzi. "Aliyekufa hakati mtu. Hayo maziwa yapikieni chai."

Marie-Rose, Mungu ambariki, alichukua galoni akaenda nayo jikoni moja kwa moja kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Kimutai akachukua funguo za gari. Akasimama mlangoni.

"Mama Cherop. Twende."

Miaka yote ya ndoa yao, akisema twende, Jedidah anachukua mkoba. Hata mkono wake ulianza kwenda kwenye mkoba. Cherop alikuwa anamwangalia.

Jedidah akaurudisha mkono mapajani.

Mlango ukafungwa. Wakasikia gari likiondoka kwenye maji. Alimwacha hata mzee.

Kesho yake Jedidah alienda harusini. Hakupiga makofi, lakini alienda, akakaa kiti cha mwisho na nguo ile ile ya safari. Mzee Tabutany alikataa kwenda. Alisema sherehe hiyo haijui, ila wakirudi wamletee nyama. Wakamletea. Wiki hiyo hiyo Jedidah akamsindikiza apande ndege pale Houston.

Mngetaka niishie hapo. Hata mimi ningetaka.

Mwezi wa kumi na moja mzee akafa, usingizini, nyumbani kwake. Kimutai akasafiri peke yake. Yeye na Jedidah walikuwa wanaishi nyumba moja kama wapangaji, salamu na bili. Alipoondoka, Jedidah akaendesha gari mpaka Alief.

Mazishi yakaonyeshwa live YouTube, kama ilivyo desturi yetu watu wa huku. Kwao mchana, kwetu ndiyo kunapambazuka. Jedidah, Cherop, Amandine na Marie-Rose wamekaa mbele ya TV na chai. Na Dallas nzima ilikuwa inaangalia pia. Kule pembeni mwa skrini pole zilikuwa zinapanda, mikono ya maombi, "poleni sana familia ya Elder Kimutai", jina la Pastor Elphas lipo, la Kagendo lipo, langu lipo.

Jeneza liko juu ya kaburi. Upande mmoja wamesimama watoto wa wale shemeji waliotaka shamba zamani. Wameshika majembe. Watu wazima sasa, vitambi, lakini walikuwa hawajasahau.

Mzee wa ukoo akashika maikrofoni. Akasema kwa Kiswahili, kwa ajili ya wageni, kwamba anayemzika mwenye boma hutamka mbele ya watu: ninamzika baba yangu. Halafu ndiye anayetupa udongo wa kwanza, na boma linabaki kwake. Akampa Kimutai maikrofoni.

Kimutai akaangalia kaburi. Kisha akainua macho akaangalia kamera.

"Sema tu," Jedidah akaiambia TV. "Baba Cherop, sema tu."

Alijua ni akina nani wanaangalia. Sote tulimwona akijua.

"Tumekusanyika," akasema, "kumsindikiza nyanya yangu mpendwa."

Minong'ono. Mzee wa ukoo akamsogelea. "Rudia, kijana wangu. Unamzika nani?"

Angeweza. Bado alikuwa na nafasi.

"Nyanya yangu."

Mzee wa ukoo akachukua maikrofoni yake taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Basi boma hili halikuwa na mtoto," akasema. Akageuka, akampa jembe mmoja wa wale wenye vitambi. Udongo wa kwanza ukaanguka. Kimutai alibaki amesimama na suti yake ya Dallas, na watu wakawa wanampita.

Kule pembeni pole bado zilikuwa zinapanda. Hatukujua tumeona nini.

Alief hakuna aliyegusa chai. Simu ya Jedidah ikalia kabla hata nyimbo hazijaisha.

"Mama Cherop." Alikuwa analia kwa kwikwi. "Umeona? Hawanipi hata kiti. Wamechukua funguo za nyumba. Kogo alihangaika vile kwa ajili ya hili boma, na limeisha. Mikononi mwangu. Limeisha."

Jedidah alikuwa anamwangalia Amandine, ambaye alikuwa ameinuka kwa shida kwenye kochi, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo. Ndiyo, tumbo la miezi sita. Walienda kliniki, mengine hayawahusu. Habari hiyo Kimutai hakuwa ameambiwa, kwa sababu hakuwa anapokea simu ya mtoto wake.

"Halijaisha, Baba Cherop," Jedidah akasema. "Ni wewe uliyetoka."

Na akakata simu.

Sikuandika hii kuwaambia nani aoe nani. Hilo mtapigana nalo kwa comments, nawajua, na mimi mwenyewe sijamaliza kulifikiria. Ninachosema ni hiki: ukisimama mbele za watu kutetea ndoa, hakikisha kwanza huikani ile iliyokuzaa. Kimutai alisafirisha maziwa kilomita mia nne akamzimie mtoto wake taa, na boma lililozimika ni lake.